Kilima Kilichorukwa

Kitabu kilikaa juu ya kabati la vyombo, katikati ya Biblia na picha ya Letisia, kimefunikwa kitambaa alichokifuma Dafroza kwa mkono wake. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile, nyuma ya stendi ya Makambako, alionyeshwa. Dafroza alinawa mikono kwanza, akaifuta mikono hiyo kwa upande wa kanga, kisha akakichukua kwa viganja viwili kama anavyochukuliwa mtoto siku ya ubatizo.

"Hiki ndicho alichoandika Baba Letisia huko serikalini," alisema. "Vilima vyote vimo humu. Hata Lwivala kimo."

Wageni walikitazama kwa heshima. Kilikuwa na jalada la buluu lenye nembo ya Serikali, na ndani Kiingereza kitupu. Wengi wa wageni hawakujua Kiingereza, na Dafroza hakujua kusoma lugha yoyote, hivyo hakuna aliyekifungua zaidi ya ukurasa wa kwanza. Na kwa nini akifungue? Mtu hasomewi kitu anachokijua. Vilima vile Dafroza alivikanyaga mwenyewe, kimoja kimoja, na kilichokuwa cha mwisho ndicho alichokitaka. Alikuwa hajamwomba mumewe kitu kingine tangu waoane.

Dafroza hakupelekwa shule. Baba yake alikuwa na mashamba ya pareto kwenye miinuko ya kuelekea Makete, na ua la pareto likishachanua linataka mikono, hasa mikono midogo ya mtoto wa kike. Ndugu zake wa kiume walikwenda na vibao vyao vya kuandikia, yeye akaenda na kikapu. Kujua idadi alijifunza kwa kamba ya katani: kikapu kimoja, fundo moja. Hakuna karani wa ushirika aliyewahi kumkuta amekosea. Alipokuwa msichana mkubwa akawa anabeba pombe ya ulanzi kutoka mianzi ya babu yake na kuuza vijiji vya ng'ambo, akipanda na kushuka, mpaka akajua kila mgongo wa nchi ile unatazama wapi.

Huko huko barabarani ndiko alikokutana na Sadock. Alikuwa fundi wa laini za simu, kijana wa Lupingu, mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyekuwa akipanda nguzo kwa vyuma vya miguuni na kushuka akitetemeka kwa baridi. Alimwomba ulanzi. Alikunywa kibuyu kizima, kisha akashindwa kupanda nguzo iliyofuata.

"Wewe mtu wa dagaa wa usipa," Dafroza alimcheka, "huku juu si kwenu. Rudi ziwani ukaote jua."

"Nitarudi," alisema Sadock, "nikipata wa kunirudisha."

Waliona hayo kuwa maneno mazuri, wakaoana. Alizaliwa Letisia, akawa peke yake, kwa kuwa baada yake tumbo la Dafroza halikushika tena. Sadock akapelekwa na shirika kusoma Dar es Salaam, akarudi, akapelekwa tena ng'ambo mwaka mzima na nusu. Dafroza alilima, alilea, na alimwombea. Shirika lilipogawanywa, posta huku na simu kule, wenzake wengi walirudishwa nyumbani. Yeye akabaki. Huo ndio wakati Serikali ilipofungua milango, na kampuni za watu wa nje zikaingia na simu zisizo na waya, simu ambazo mtu anatembea nazo mfukoni kama kitambaa cha jasho. Huku Makambako watu walizisikia tu kwa wenye malori.

Mwaka wa tisini na sita Letisia alikuwa ameolewa Igelango, kijiji kilicho chini ya kilima cha Lwivala. Alishikwa na uchungu siku ya soko. Uchungu ukawa wa siku mbili. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya Ikonda. Mumewe akakimbia kwenda barabarani kutafuta gari, akakaa asubuhi hadi alasiri bila kupata hata lori la mbao. Wakamweka kwenye machela ya mianzi, wanaume wanane wakipokezana. Njia ile inapita begani mwa Lwivala. Ukisimama pale, unayaona mabati ya hospitali yanavyometa ng'ambo ya bonde.

Pale pale begani Letisia alikata roho, na mtoto wake ndani.

Dafroza alikuja kujua baadaye kwamba siku ile gari la hospitali lilikuwepo. Dereva naye alikuwepo, anaosha vioo. Hawakukosa chochote kule Ikonda ila mtu wa kuwaambia.

Sadock alifika siku ya tatu ya msiba. Alimkuta mkewe amekaa kwenye jamvi, hali wala hasemi. Alikaa karibu yake, akasema, "Mimi ninayewawekea watu simu."

Dafroza hakumlaumu. Siku ile alimpenda kuliko siku ya harusi.

Miaka miwili ikapita. Sadock akaitwa wizarani. Walikuwa wanataka mtu anayezijua nyaya na anayeyajua mashamba, awe mshauri wa mambo ya mitandao ya simu za mkononi ya miaka inayokuja. Alikuja Makambako kumweleza mkewe kazi yenyewe, nao wakiwa jikoni, yeye ameketi kwenye kigoda.

"Utajenga minara?" Dafroza aliuliza.

"Hapana. Minara watajenga wenye kampuni. Mimi kazi yangu ni kuishauri Serikali iwape masharti gani kabla haijawapa leseni. Wakishaingia ndani hawasikii tena. Ni lazima uwabane wakiwa bado mlangoni."

"Na mnara unakaaje?"

"Juu. Mnara mmoja lazima umwone mwenzake. Katikati kukiwa na mlima, hawasikilizani."

Dafroza aliinua sufuria, akaishusha chini. "Basi ni moshi tu huo."

"Moshi gani?"

"Tukichunga zamani, mtu akitaka kujua kama mwenzake anamwona, anawasha moto anatupia majani mabichi ya mti wa muwati. Akiujibu moshi wako, amekuona. Asipojibu, hapo hamwonani, hata mkipiga kelele mpaka kesho."

Sadock alimtazama kama mtu aliyekutana na mwenyeji baada ya kupotea njia. Ramani alizopewa zilikuwa za tangu enzi ya Mwingereza. Zilionyesha urefu wa milima, lakini hazikuonyesha mashamba ya miti, wala ukungu unakaa wapi, wala njia ipi lori linaweza kupanda.

Kiangazi kile chote walifanya kazi ile wawili. Sadock alikwea kilima kimoja na ramani yake, Dafroza akakwea kingine na kibiriti, panga na kamba ya katani kiunoni. Jua likifika utosini, Dafroza aliwasha moto. Moshi mweupe ukapanda. Naye angekaa kwenye jiwe, mkono kwenye paji la uso, akingoja. Moshi wa Sadock ukiinuka kule ng'ambo, moyo wake uliruka kama wa msichana. Alifunga fundo. Wakikutana jioni bondeni, alimsomea mumewe vilima kwa kidole, fundo kwa fundo, na mumewe akaandika.

Upande wa Kifanya walisimama pamoja kwenye mgongo mmoja mpana. Sadock alifurahi. "Hapa ndipo penyewe. Mpaka Njombe mjini tunaona, na barabara ipo."

Dafroza alicheka. "Penyewe kwa leo. Hebu tazama miguuni mwako."

Chini kulikuwa na mipaini michanga, mistari kwa mistari, imefika magotini.

"Miti," alisema Sadock.

"Hii miti itakua. Ya baba yangu niliipanda nikiwa na mapengo. Nilipopata mchumba, tulikuwa hatulioni tena kanisa lililo mbele ya nyumba. Wewe unaishauri Serikali ya leo au ya miaka inayokuja?"

Sadock akatoa daftari. "Rudia, Mama Letisia. Polepole."

Akarudia.

Kilima cha mwisho kilikuwa Lwivala. Hapo hawakuachana, walipanda pamoja. Walipita begani, mahali pale. Juu kileleni Dafroza aliwasha moto mwenyewe, na kijana wa kazi waliyemwacha ng'ambo ya bonde akaujibu. Moshi wa pili ulipopanda juu ya mabati ya Ikonda, Sadock alikaa chini, akafunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika.

"Kilima hiki ndicho nitakachoanza nacho," alisema. "Nitaandika sharti: kampuni inayotaka mji wenye pesa, ichukue na kilima cha namna hii. Bila hicho isipewe mji."

"Sina jingine ninalokuomba, Baba Letisia," alisema Dafroza. "Hata nguo usininunulie. Nataka mwanamke wa Igelango akishikwa na uchungu, kule wasikie."

"Nakuapia kwa kaburi lake."

Dafroza akafunga fundo la ishirini na moja. Alilifunga mara mbili, likawa kubwa kuliko mengine.

Sadock akaenda Dar es Salaam. Alikuwa akija kila mwezi, ikawa kila miezi mitatu, ikawa Pasaka na Krismasi. Kulikuwa na vikao, kulikuwa na wageni kutoka benki za dunia, kulikuwa na safari. Mashati aliyorudi nayo yalikuwa yamepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Watu wa malori, ambao macho yao hayana pazia, walimwambia Dafroza kwamba kuna mwanamke wa palepale wizarani, anaitwa Erica, na kwamba wanakaa nyumba moja. Dafroza alilia siku nzima, akalisha kuku, akalia tena. Halafu akanyamaza. Alijiambia kwamba mume anaweza kupotea, lakini kiapo cha kwenye kaburi hakipotei.

Siku Sadock alipoleta kitabu, alikula chakula cha mchana akiwa amevaa koti, kama abiria. Alikitoa kwenye mkoba akamkabidhi.

"Hiki ni kitabu chetu, Mama Letisia. Kimeshapita kwa wakubwa."

"Na Lwivala?"

Sadock alikuwa anatafuna. Alimeza, akanywa maji. "Vilima vyote vimefanyiwa kazi," alisema.

Dafroza alikiweka kifuani. Kwa mwaka mmoja na zaidi kikawa ndicho kilichomsimamisha asubuhi.

Mnara wa kwanza uliota Makambako, nyuma ya njia panda. Wa pili Njombe mjini. Vijana wakaanza kutembea na simu shingoni kama filimbi za waamuzi. Kisha yakapita magari ya kampuni kuelekea Kifanya, na kuelekea Ludewa. Upande wa Igelango halikwenda hata pikipiki.

Jirani yake Mwanaheri, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuja kutoka Tanga na kuzoea baridi kwa matusi mengi, ndiye aliyesema. Alikuwa amekuja kuchukua moto wa jiko.

"Shoga, si unacho kitabu? Nilete miwani yangu tuangalie zamu yenu ya ngapi. Kuliko kukaa unachungulia barabara kama mchumba wa baharia."

"Wewe Kiingereza unakijua?"

"Mwalimu wangu alinichapa miaka minne. Lazima kimebaki kidogo mwilini."

Dafroza alinawa mikono. Alikileta kitabu, na kamba pia, akakaa karibu na Mwanaheri kwenye benchi la uani, kwenye jua. Mwanaheri alifungua, akalamba kidole, akageuza kurasa. "Orodha hii hapa. Majina ya vilima. Haya, nakusomea."

Alisoma jina la kwanza. Dafroza alishika fundo la kwanza, akalisukuma. "Ndiyo." Jina la pili, fundo la pili. "Ndiyo, hapo nilianguka nikachubuka goti." La tatu, la nne. Alikuwa anatabasamu. Vilima vyake vilikuwa vinatoka kwenye karatasi ya Serikali kwa mpangilio ule ule aliovifunga. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kidole chake kikafika kwenye fundo kubwa, kikalala pale.

Mwanaheri aliinua kichwa.

"Endelea."

"Imeisha."

"Geuza ukurasa."

Mwanaheri akageuza, akageuza tena. Alisoma midomo ikicheza bila sauti, akavua miwani, akaivaa. "Ipo. Huku nyuma kabisa."

"Inasemaje?"

"Shoga, Kiingereza changu..."

"Mwanaheri. Inasemaje?"

"Inasema... sehemu za kusubiri. Igelango na kilima chake. Watu ni wachache, biashara hakuna. Inashauri sehemu hizo zisiwekwe kwenye masharti ya leseni. Kampuni zitafika zenyewe soko likishakua."

"Nani anashauri?"

"Ni mwenye kitabu." Mwanaheri alisema kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa Tanga.

Dafroza alikaa akiiangalia kamba. Kuku alikuja akadonoa karibu na mguu wake. "Kuna ukurasa mwingine umeuruka. Pale mwanzo. Nimekuona umeuruka."

"Hauna maana."

"Soma."

Mwanaheri alisoma huku ameangalia pembeni. Mwandishi anawashukuru wakubwa wa wizara, na wataalamu wa nje, na mke wake mpendwa Erica kwa uvumilivu wakati wa safari za milimani.

"Safari za milimani," alirudia Dafroza.

Aliamka, akaingia ndani. Mwanaheri alimsikia akiondoa kitambaa juu ya kabati, akikikung'uta, akikikunja. Alipotoka hakuwa analia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

Mkutano ulifanyika Njombe, kwenye ukumbi wa halmashauri, kiangazi cha mwaka uliofuata. Ilitangazwa kwamba mshauri wa wizara atakuja kuwaeleza madiwani na wananchi mipango ya simu. Dafroza alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa safu ya nyuma, kamba imo mkononi chini ya kanga. Mwanaheri aliacha duka akaja naye. "Nimekuja kukushika," alisema, "ama wewe, ama mimi mwenyewe."

Sadock aliingia na tai. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvi zilimkaa vizuri. Alisema mambo mengi, mengine yalieleweka. Kisha akasogea mbele ya meza na kushusha sauti, kama afanyavyo mtu anayejua kusimulia.

"Ndugu zangu, ushauri wa mambo yajayo si kompyuta tu. Nitawapa mfano wa hapa hapa. Nilisimama kwenye mgongo mmoja upande wa Kifanya. Ramani inasema pazuri. Macho yanasema pazuri. Mimi nikatazama miguuni, nikaona mipaini michanga. Nikajiuliza: hii miti itakua. Naishauri Serikali ya leo au ya miaka inayokuja?"

Ukumbi ukapiga makofi. Diwani mmoja mzee, Valeriani, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwanaheri alimshika Dafroza mkono, lakini Dafroza alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Karibu, mama. Taja jina."

"Swali langu halihitaji jina." Watu wakacheka kidogo. "Kilima cha Lwivala, kule Igelango. Kilipimwa, kikaonekana kinaisikia Ikonda. Mbona kimerukwa?"

Sadock alimtazama. Kutoka mezani mpaka safu ya nyuma hapakuwa mbali. Aliona kitenge, ambacho alikinunua mwenyewe Songea. Aliona uso. Dafroza aliona kwamba ameona. Akangoja, kama alivyongoja juu ya majiwe kiangazi kizima, ila mkono haukupanda kwenye paji la uso.

"Asante sana kwa swali zuri," alisema Sadock. "Yule mama pale nyuma ameuliza jambo ambalo wengi wanajiuliza. Ukweli ni kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kwenda mahali ambapo hapana soko. Tuwe na subira, mama. Huduma itafika."

"Soko lipi?" alisema Dafroza. "Mwanamke akifia kwenye machela, tumpeleke sokoni ndipo mumhesabu?"

Watu hawakucheka tena. Mzee Valeriani aligonga meza. "Mama, umeshajibiwa. Tuwape na wengine nafasi."

Dafroza akakaa.

Mkutano ulipokwisha alikuwa anateremka ngazi, na Sadock akamfuata mpaka upande wa pili wa jengo, kulikoegeshwa gari lake. Mwanaheri alisimama hatua kumi kutoka pale, mikono kiunoni.

"Mama Letisia. Kwa nini hukunitafuta pembeni?"

"Nimekutafuta nyumbani kwako, kila siku, mwaka mzima. Juu ya kabati."

Sadock aliangalia viatu vyake. "Kampuni zilisema sharti lile likibaki, haziji nyanda za juu kabisa. Wakubwa wakaniita. Ama kitabu kipite bila Lwivala, ama kisipite. Nikafikiria vile vilima ishirini. Watu wangapi wako kwenye vilima ishirini?"

"Wengi," alisema Dafroza.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui. Mimi si mshauri." Alivuta pumzi. "Pengine ningekubali. Pengine ningekuja nyumbani nikalia na mwenzangu, nikamwambia, nimeshindwa. Wewe ulikuja na kitabu. Ulijua sijui kusoma."

Dereva alijifanya anafuta kioo. Sadock alipojibu, sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kule msibani.

"Nilijua."

"Na ile miti nayo uliiona wewe?"

Sadock, pengine kwa kutafuta mahali pa kutua macho, aliiona kamba. "Bado unayo," alisema, na uso ukamchangamka kwa namna iliyomuumiza Dafroza kuliko yote ya siku ile. "Ingefaa iwekwe wizarani. Wageni wangefurahi sana kuiona. Naomba niibebe."

Dafroza aliiangalia. Kisha akaanza kufungua. Mafundo ya miaka minne yalikuwa yamekaza, mengine aliyafungua kwa meno. Hakuharakisha. Madiwani walipita, wakasalimia, "Kamwene, mheshimiwa," wakapita. Sadock alisimama na mkoba wake akiangalia kilima kimoja baada ya kingine kinavyonyooka na kuwa kamba tupu. Kilipobaki kile cha mwisho, kikubwa, Dafroza aliacha.

"Yale ishirini ni yako," alisema. "Umeshayaandika. Hili hukulitaka."

Akaizungusha kamba kiunoni, akaondoka na Mwanaheri. Njiani hadi Makambako Mwanaheri hakutukana baridi hata mara moja.

Wiki ile ile Dafroza alikwenda Igelango. Alipalilia kaburi la mwanawe, akang'oa majani kwa mkono, kisha akapanda Lwivala. Miguu haikuwa ile ya kiangazi cha zamani, alipumzika mara nne. Juu aliwasha moto, akatupia majani mabichi ya muwati. Jua lilikuwa utosini. Moshi ulipanda mweupe, ukanyooka, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Ng'ambo ya bonde mabati ya Ikonda yalimeta.

Akakaa kwenye jiwe, mkono kwenye paji la uso.

Anania, aliyekuwa mume wa Letisia, alikuwa analima chini bondeni. Aliuona moshi akapanda mbio na tawi mkononi, akidhani moto umeshika nyasi. Alimkuta mama mkwe wake amekaa peke yake, akasimama mbali kwa adabu na kuinamisha macho.

"Shikamoo, mama. Unachoma kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Sichomi kitu."

Anania alisubiri aambiwe zaidi. Hakuambiwa. Alitazama huko mama mkwe alikokuwa anatazama, akaona bonde, akaona mabati, akaona mbingu safi isiyo na kitu. Akaweka tawi chini. Akavunja majani mengine mabichi, akayatupia motoni, akakaa mahali pake, mbali kama inavyompasa, naye akangoja.